Kengele ya Mugera na Ngoma ya Gishora

Kila mwaka, siku chache kabla ya tarehe 15 Agosti, barabara ipandayo kutoka Bujumbura kwenda Gitega hupata wasafiri wa aina yake. Hawaendi sokoni wala kazini. Ni mahujaji. Wengine wamo ndani ya magari, wengine hutembea kwa miguu, rozari mkononi na blanketi begani, wakielekea Mugera, kilima kilicho upande wa kaskazini wa mji wa Gitega, ambako Wakatoliki wa Burundi huadhimisha sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria. Miongoni mwao wamo askari waliopata ruhusa, pamoja na wake zao na watoto wao.

Na uchukuliwe mfano wa sajini mmoja wa Bujumbura. Ana watoto watatu, na kila mmoja alizaliwa katika kituo chake, kwa kuwa baba yao alihamishwa mara kwa mara kama ilivyo desturi ya kazi hiyo. Watoto hao huzijua nyimbo za kambi na milio ya tarumbeta, lakini kilima cha babu yao ni jina tu waliloandikiwa katika vyeti. Safari hii babu mwenyewe aliwapokea Gitega. Kabla ya kuwapeleka Mugera kusali, akawapitisha kwanza Gishora, mahali zinapotunzwa ngoma za Mwami. Mtoto wa kwanza, mwenye umri wa miaka 12, aliziangalia ngoma, akaukumbuka msalaba waliokuwa wakiufuata, kisha akauliza: "Babu, nchi yetu ilikuwa ya ngoma au ya msalaba?"

Mzee alicheka, asijibu mara moja. Alisema tu, "Mjukuu wangu, swali hilo wakubwa waliulizana kabla hujazaliwa wewe wala baba yako. Tembea kwanza, utajibiwa njiani."

Swali la mtoto huyo halifai kupuuzwa. Mtu asiyejua kwa nini kengele na ngoma zimekaa jirani katika vilima vya Gitega hawezi kuielewa vema historia ya nchi yake, wala hawezi kuieleza kwa wanawe.

NGOMA NDIYO UFALME

Katika Kirundi neno ingoma lina maana mbili. Ni ngoma ya kupigwa, na pia ni ufalme wenyewe. Mtu akisema ngoma ya fulani, aweza kuwa na maana ya utawala wake wote. Kwa hiyo mwenye kuitunza ngoma alikuwa ameutunza ufalme, na mwenye kuipokonya alikuwa ameupokonya ufalme.

Ngoma kuu ya nchi iliitwa Karyenda. Hiyo haikupigwa ovyo. Ilitolewa nje katika sherehe ya Muganuro, iliyofanywa mwishoni mwa mwaka, wakati Mwami alipofungua majira ya kupanda mtama. Kabla ya ishara ya Mwami, mkulima alisubiri. Kwa njia hiyo jembe la mtu wa chini kabisa lilifungamana na kiti cha enzi, na shibe ya kila nyumba ilihesabiwa kuwa ni baraka iliyopitia mkononi mwa Mwami. Ufalme ulipopata uhuru mwaka 1962, picha ya Karyenda pamoja na mmea wa mtama iliwekwa katikati ya bendera.

Ngoma zenyewe huchongwa kutoka katika mti uitwao umuvugangoma, yaani mti unaofanya ngoma zinene. Akina mama watapendezwa kujua kwamba sehemu za ngoma zimepewa majina ya mwili wa mzazi wa kike. Vigingi vinavyoishika ngozi huitwa amabere, maana yake maziwa ya mama. Lipo tumbo, kipo kitovu, na upo utepe uitwao urugori, kama lile taji la mama aliyezaa. Wazee waliona kwamba nchi huzaliwa na kunyonyeshwa kama mtoto.

Ufalme huo ulitawaliwa na wafalme waliopokezana majina manne kwa zamu: Ntare, Mwezi, Mutaga na Mwambutsa. Wana wa wafalme na vizazi vyao waliitwa Baganwa, nao walipewa sehemu za nchi wazitawale. Kila mfalme alipofariki, uzao wake ukawa ukoo unaoitwa kwa jina lake: Batare, Bezi, Bataga na Bambutsa. Mpango huo ulizaa watawala wengi hodari, lakini ulizaa pia mashindano, kwa sababu wana wa mfalme mpya walihitaji ardhi, na ardhi hiyo ilikuwa mikononi mwa wajukuu wa mfalme wa zamani. Jambo hili msomaji aliweke akilini, maana litarudi mbele.

Gishora, ambayo iko umbali wa kilomita 7 hivi kutoka Gitega, ni mojawapo ya mahali patakatifu pa ngoma hizo. Masimulizi husema kwamba ilianzishwa na Mwami Mwezi Gisabo baada ya kumshinda chifu mwasi aliyeitwa Ntibirangwa. Humo zimetunzwa ngoma mbili mashuhuri, Ruciteme na Murimirwa. Jina la kwanza lamtaja yule ambaye watu humfyekea msitu, na la pili yule ambaye watu humlimia. Hata majina ya ngoma ni majina ya kazi ya mikono.

MSALABA WAFIKA VILIMANI

Mwezi Gisabo alitawala tangu katikati ya karne ya 19 hadi mwaka 1908. Alikuwa mtu wa vita na wa subira. Alimzuia Rumaliza, yule tajiri wa misafara aliyekuwa na nguvu nyingi Ujiji na Uvira, asiweze kuivamia nchi yake kwa ajili ya watumwa. Kwa hiyo alipoona wageni wengine wanakuja kutoka upande huohuo wa ziwa, alikuwa na sababu ya kuwatilia shaka.

Wamisionari wa shirika la Mapadri Weupe, lililoanzishwa na Kardinali Lavigerie huko Algiers, walifika Rumonge kando ya Ziwa Tanganyika mwaka 1879. Hawakudumu. Tarehe 4 Mei 1881 watatu kati yao, Deniaud, Augier na D'Hoop, waliuawa hapo baada ya ugomvi na wenyeji, na misheni ikafungwa. Ilipita miaka mingi kabla hawajarudi. Safari hii walipitia upande wa mashariki, wakitokea Ushirombo katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Mwaka 1898 walianzisha misheni ya Muyaga, na mwaka 1899 wakaanzisha ile ya Mugera.

Muyaga ilikuwa pembezoni mwa ufalme. Mugera ilikuwa jambo jingine kabisa. Hapo mapadri walikuwa wamesogea karibu na moyo wa nchi, karibu na walinzi wa ngoma na njia ziendazo kwenye maboma ya Mwami. Wao waliona wamepata kilima kizuri chenye watu wengi. Baraza la Mwami liliona mwiba. Mtu aliyekimbilia misheni alikuwa na bwana mwingine wa kumtetea, na neno la bwana huyo halikutoka kwenye ngoma.

MKATABA WA KIGANDA

Wakati huo Wajerumani walikuwa wameweka kituo cha kijeshi Usumbura, mji ambao sasa ni Bujumbura. Kamanda wao, Kapteni von Beringe, ndiye yule ambaye mwaka 1902 aliwapiga risasi sokwe wakubwa wa milima ya Virunga, hata jina lake likabaki katika jina la kitaalamu la wanyama hao. Mwaka uliofuata aliuelekeza mtutu kwa Mwami. Alisaidiwa na watu wawili waliokuwa maadui wa Mwami ndani ya nchi: Kilima, aliyeshika sehemu ya kaskazini magharibi, na Maconco, aliyekuwa mkwe wa Mwami mwenyewe.

Mwezi Gisabo alipigana, kisha akaona kwamba bunduki za kisasa zitaimaliza nchi. Tarehe 6 Juni 1903, huko Kiganda, alikubali masharti. Alitozwa faini ya ng'ombe 424. Alitakiwa kuitambua mamlaka ya Wajerumani, kutoisumbua misafara, na kuwatambua Kilima na Maconco kuwa watawala wasio chini yake. Na miongoni mwa masharti hayo limo moja linaloihusu safari ya sajini wetu: Mwami asiisumbue tena misheni ya Mugera.

Hapo ndipo kilima kidogo kilipoingia katika mkataba wa dola mbili. Msalaba wa Mugera, uliokuja na mapadri wasio na jeshi, ulikuwa sasa umewekwa chini ya ulinzi wa bunduki, na katika macho ya wazee wa baraza mambo hayo mawili hayakuweza tena kutenganishwa. Ni haki kusema kwamba wamisionari wengi walikuja kwa nia ya kuhubiri na kutibu. Ni haki vilevile kusema kwamba mtu aliyetozwa ng'ombe wake siku hiyo hakuwa na sababu ya kuipambanua kanzu nyeupe na sare ya askari.

Askari wa leo watapata fundisho katika yaliyofuata. Wakubwa wa von Beringe hawakuupenda ushindi wake. Waliona kwamba mfalme aliyevunjwa nguvu hawezi kuwasaidia kuitawala nchi yenye milima na watu wengi. Von Grawert, ambaye wenyeji walimwita Digidigi, aligeuza siasa hiyo na kumrudishia Mwami heshima yake. Maconco aliuawa na Wajerumani haohao mwaka 1905, na Kilima akaondolewa katika nchi aliyoikabidhi. Waliouza ufalme hawakulipwa.

WATOTO WA BAGANWA DARASANI

Mwezi Gisabo alifariki mwaka 1908. Mwanawe Mutaga IV alifariki mwaka 1915, na kiti kikamwangukia mtoto mdogo, Mwambutsa IV, huku mambo ya nchi yakishikwa na malkia mama Ririkumutima na wakubwa wa kiganwa. Mwaka 1912 Wajerumani walikuwa wameanzisha mji wa Gitega kuwa makao ya utawala. Mwaka 1916 Wabelgiji wakawatoa, wakaikuta nchi yenye mfalme mchanga na Baganwa wengi wenye nguvu.

Kanisa nalo lilikua. Mwaka 1922 Urundi ilipata vikariati yake, na Askofu Julien Gorju akawa mkuu wake wa kwanza. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 Wabelgiji walianza kuzipanga upya sehemu za utawala. Mwaka 1929 machifu walikuwa na maeneo 133, na kufikia mwaka 1933 yalikuwa yamebaki 46 tu. Chifu aliyetaka kubaki kazini, au kumrithisha mwanawe, alielewa upesi kwamba kusoma na kuandika ni lazima, na shule zilikuwa mikononi mwa mapadri. Ndipo Baganwa wakaanza kubatizwa kwa wingi, na watu wao wakawafuata. Makanisa yakajaa. Katika miaka hiyohiyo sherehe ya Muganuro ikakoma. Hapakuwa na vita vya kuizima. Waliopaswa kuitumikia walikuwa wameambiwa kuwa ni ya kipagani, na waliopaswa kuilinda walikuwa wanatafuta vyeo kwingine.

Katika nchi jirani ya Rwanda mambo yalifanywa kwa sherehe. Mwami Mutara III Rudahigwa alibatizwa mwaka 1943, na mwaka 1946 akaiweka nchi yake chini ya Kristo Mfalme. Burundi mabadiliko yalipita kimya zaidi, kupitia madarasani na ndani ya nyumba za machifu. Kituo kikubwa cha wana hao kilikuwa shule ya Astrida, mji ambao baadaye uliitwa Butare, iliyoanzishwa mwaka 1929 na Mabruda wa Upendo kutoka Ubelgiji.

Kijana mmoja aliyepita njia hiyo anajulikana na kila Mrundi. Louis Rwagasore alizaliwa Gitega tarehe 10 Januari 1932, mwana wa Mwami Mwambutsa. Alisoma katika shule za misheni za Bukeye, Kanyinya na Gitega, kisha Astrida, hatimaye Ubelgiji. Alikuwa na jina la ubatizo na damu ya ngoma. Ndani yake swali la mtoto wa sajini lilikuwa limeanza kupata jibu.

NYUMBA MBILI, MSALABA MMOJA

Lakini ubatizo haukuyafuta mashindano ya koo. Ukoo wa Bezi ulikuwa na kiti cha enzi. Upande wa Batare alikuwako Chifu Pierre Baranyanka, mtu aliyeheshimiwa sana na Wabelgiji, ambaye wanawe Jean-Baptiste Ntidendereza na Joseph Biroli walikuwa miongoni mwa wasomi wa kwanza wa nchi. Siasa ya vyama ilipoanza, Rwagasore alikiongoza chama cha UPRONA, na wana wa Baranyanka wakakiongoza chama cha PDC, kilichojiita cha Kidemokrasia na cha Kikristo.

Watu wa UPRONA walikuwa Wakristo kama watu wa PDC. Wote walikuwa wametoka katika madarasa yaleyale. Kilichowatenganisha kilikuwa uhuru upatikane lini na kwa mkono wa nani, na chini yake kulikuwa na kisa cha kale cha wajukuu wa Ntare na wajukuu wa Mwezi. Katika uchaguzi wa tarehe 18 Septemba 1961, UPRONA ilipata viti 58 kati ya 64. Tarehe 13 Oktoba mwaka huohuo Rwagasore, akiwa Waziri Mkuu, alipigwa risasi na Mgiriki mmoja, Jean Kageorgis, katika hoteli moja kando ya ziwa mjini Usumbura. Ntidendereza na Biroli walihukumiwa kwa kushiriki katika njama hiyo, nao wakanyongwa Gitega tarehe 15 Januari 1963.

Hivyo nyumba mbili za kiganwa, zilizokuwa zimepiga magoti mbele ya altare moja, zilipoteza vijana wao waliosoma kuliko wote. Nchi nzima ililipa gharama ya msiba huo kwa miaka mingi. Kaburi la Rwagasore liko Vugizo, juu ya jiji la Bujumbura, na kila mtoto wa kambi ana uwezo wa kulifikia.

KITI KITUPU

Kaulimbiu ya ufalme ilikuwa Mungu, Mwami na Burundi. Miaka minne tu baada ya uhuru neno la katikati liliondoka. Mwambutsa alikwenda Ulaya baada ya jaribio la mapinduzi la Oktoba 1965. Mwanawe Charles Ndizeye aliushika utawala Julai 1966, akatawazwa Muramvya tarehe 1 Septemba kwa jina la Ntare V, na tarehe 28 Novemba 1966 jeshi likatangaza Jamhuri. Karyenda ikaondoka katika bendera. Ntare V aliuawa Gitega mwezi wa Aprili 1972. Baba yake alifariki Uswisi mwaka 1977, akazikwa Meyrin karibu na Geneva, mbali na Nkiko-Mugamba, mahali walipozikwa wafalme waliomtangulia. Jamhuri ikachukua maneno mapya: Umoja, Kazi, Maendeleo.

Kanisa lilibaki, nalo likapata mitihani yake. Mwaka 1959 Gitega ilikuwa imefanywa makao ya askofu mkuu, na mwaka huohuo Padri Michel Ntuyahaga akawa Mrundi wa kwanza kupewa uaskofu, kwa jimbo la Usumbura. Katika miaka ya 1980, wakati wa Jamhuri ya Pili, Serikali na Kanisa zilivutana sana. Wamisionari wengi wa kigeni walifukuzwa, na ibada za siku za kazi zikawekewa mipaka. Baada ya mabadiliko ya Septemba 1987 uhusiano ulitengenezwa, na Septemba 1990 Papa Yohane Paulo II akaizuru nchi. Kisha vikaja vita. Tarehe 9 Septemba 1996 Askofu Mkuu wa Gitega, Joachim Ruhuna, aliuawa katika shambulio la kuvizia barabarani. Alikuwa amewalaani wauaji wa pande zote bila kuchagua, na kwa hiyo kila upande wenye silaha ulikuwa na sababu ya kutompenda. Mahujaji wanaokwenda Mugera huwakumbuka marehemu wa miaka hiyo, na si wa ukoo mmoja peke yao.

MAMBO HAYA YAKO NA KWINGINE

Wapo wadhanio kwamba mivutano ya namna hii ni ya Afrika peke yake. Sivyo. Katika Italia ya kati upo mji mdogo wa mlimani uitwao Urbino. Hapo palitawala watu wa ukoo wa Montefeltro, na Duke Federico, askari mashuhuri wa kukodiwa wa karne ya 15, alijenga jumba la fahari lililoko bado, karibu kabisa na kanisa kuu. Mwaka 1631 duke wa mwisho, wa ukoo wa Della Rovere, alifariki bila mrithi wa kiume, na nchi yake yote ikaingia chini ya utawala wa Papa. Jumba likabaki, mwenye jumba akatoweka, na kengele ya kanisa ikaendelea kulia.

Watu wa Urbino hawakulibomoa jumba hilo kwa sababu duke amekwisha, wala hawakulichukia kanisa kwa sababu lilirithi mali yake. Walivitunza vyote viwili. Leo wageni kutoka nchi nyingi huja kuviangalia, na watoto wa shule wa mji huo hujifunza historia yao kwa kuvuka uwanja mmoja tu.

Burundi nayo imeanza kutunza. Jumba la makumbusho la Gitega limekuwako tangu mwaka 1955. Mwaka 2014 shirika la UNESCO liliingiza mchezo wa ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa binadamu. Oktoba 2017 amri ya Rais iliziweka sherehe za ngoma chini ya ruhusa ya Serikali, na ikaamua kwamba wanawake wasizipige. Amri hiyo ilizusha majadiliano katika nyumba nyingi, hasa kwa kuwa ngoma yenyewe, kama ilivyoelezwa juu, imeumbwa kwa majina ya mwili wa mama. Mwishoni mwa mwaka 2018 Gitega iliamuliwa kuwa mji mkuu wa kisiasa, na Bujumbura ikabaki mji wa biashara. Kwa hiyo Serikali imerudi katika vilima vilevile vya ngoma na kengele.

WAJIBU WA NYUMBANI

Familia ya mkulima hukaa karibu na makaburi ya wazee wake. Mtoto akiuliza, hujibiwa kwa kuonyeshwa kwa kidole. Familia ya askari haina nafasi hiyo. Leo iko Bujumbura, kesho Ngozi, keshokutwa Rumonge. Mtoto wa kambi hukua kati ya watoto wa mikoa yote, jambo lililo jema sana kwa umoja, lakini aweza kufikia utu uzima bila kujua lolote kuhusu alikotoka isipokuwa lile atakaloambiwa na wachochezi. Na wachochezi hupenda mtoto asiye na historia, maana humwandikia wao wenyewe.

Kwa hiyo yawapasa wazazi wafanye mambo machache yasiyo na gharama. Likizo ikipatikana, watoto wapelekwe kwa babu na bibi hata kwa siku mbili, na wazee wapewe nafasi ya kusimulia bila kukatizwa. Mama wa nyumba anaweza kuwa na daftari moja la familia, akaandika humo majina ya wazee, kilima walichoishi, mwaka wa ubatizo au wa kusilimu, na mambo waliyoyaona. Familia za Kiislamu za Buyenzi zina historia yao ya ziwa na misafara, nayo yafaa kuandikwa vilevile. Baba akiwa na zamu ndefu, asikose kuwauliza wanawe wamesoma nini. Na pale ambapo habari ni chungu, mtoto aelezwe kwa kipimo cha umri wake, wala asidanganywe. Uongo wa nyumbani ukija kugunduliwa shuleni, mzazi hataaminiwa tena hata akisema kweli.

Lililo kubwa zaidi ni kutowafundisha watoto kuchukia upande mmoja. Atakayesema kwamba mapadri walikuja kuiua ngoma peke yake, atakuwa ameficha shule na zahanati. Atakayesema kwamba ngoma ilikuwa ushetani, atakuwa amewatukana babu zake waliopanda mtama kwa ishara yake na kuilisha nchi. Kila upande ulikuwa na waaminifu wake na wasaliti wake. Maconco alikuwa mkwe wa Mwami, na Rwagasore alikuwa mwanafunzi wa misheni.

Misa ya Mugera ilipokwisha siku ile, sajini na jamaa yake walikaa chini ya mti kula chakula walichokibeba. Kwa mbali kengele ililia. Mtoto alikuwa hajasahau. "Babu," akasema, "hujanijibu."

Mzee alifuta mikono yake, akamvuta mjukuu karibu. "Babu yangu mimi alikuwa akiitika ngoma ya Gishora," alisema. "Baba yangu alibatizwa hapa. Wote wawili walilima shamba lilelile, na wote wawili wamelala katika ardhi ileile. Nchi haikuwa ya ngoma wala ya msalaba, mwanangu. Ilikuwa ya watu walioitika. Wewe nawe siku moja utaitwa. Angalia tu unaitwa na nani, na unaitiwa nini."

Mtoto alinyamaza, akakubali kwa kichwa. Kisha akamwomba mama yake kalamu.